Defragi Isiyoisha: Namna ya Kupanga Diski Nzito na Kuchagua Programu Inayofaa

Malalamiko yanafanana, yatoke kwa mwenye sekretaria (duka la kuchapa) kule Katuba au kwa mwanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anayemalizia TFC yake, ile kazi ya kuhitimu. Defragi, yaani kazi ya kuunganisha vipande vya mafaili vilivyotawanyika kwenye diski, imewashwa jioni, asubuhi bado iko asilimia 12. Au umeme umekatika katikati ya kazi na sasa Windows inakataa kuianza upya. Au programu imesema imemaliza, lakini Word bado inafunguka polepole kama jana. Hapo mtu anashusha programu ya pili, kisha ya tatu, na megabaiti za intaneti zinakwisha bila diski kubadilika.

Karibu kila mara tatizo halianzii kwenye programu. Linaanzia kwenye hatua zilizorukwa kabla ya kubonyeza kitufe: diski haikupimwa afya, haina nafasi, ina makosa yaliyoachwa na umeme kukatika ghafla, au si ya aina inayohitaji defragi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Mashine nyingi hapa Lubumbashi zina Windows ya Kifaransa, kwa hiyo majina ya vitufe nimeyaacha jinsi utakavyoyaona kwenye skrini.

## Vitu vya kuandaa

- Umeme wa kuaminika kwa saa kadhaa. Laptopu iwe na betri inayoshika. Kompyuta ya mezani iwe na onduleri (UPS), hata ndogo, ya kukupa dakika chache za kuizima vizuri.
- Diski ya nje au kle (flashi ya USB) yenye nafasi ya kutosha kubeba kazi zako zote muhimu.
- Akaunti yenye haki za msimamizi.
- Programu ya CrystalDiskInfo, ya bure, iliyoshushwa kwenye tovuti yake yenyewe. Hii inasoma afya ya diski.
- Meza ngumu na sehemu yenye hewa. Kitanda, mto na kochi vinaziba matundu ya laptopu, na joto la Oktoba hapa kwetu halihitaji msaada.
- Usiku mmoja au siku moja ambayo hutaihitaji mashine.

Programu ya defragi usishushe bado. Uchaguzi wake utakuja kwenye hatua ya 7, ukishajua diski yako ina shida gani.

## Hatua ya 1: Hakikisha diski yako inazunguka

Diski ngumu ya zamani ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosogea juu yake kusoma. Laptopu nyingi zina diski ya mizunguko 5400 kwa dakika, na kompyuta za mezani mara nyingi 7200. Faili likigawanyika vipande vipande, kichwa kinaruka kutoka kipande hadi kipande, na kila mruko unachukua kama milisekunde 15 ukijumlisha kusogea kwa kichwa na kusubiri sahani ifike. Faili lenye vipande 1,000 linaweza kukupotezea sekunde 15 kwa kurukaruka tu. Defragi inavikusanya vipande vikae pamoja, basi.

SSD, diski ya kisasa ya chipu, haina sahani wala kichwa. Kusoma kipande cha mbali na cha karibu kunachukua muda uleule, kwa hiyo defragi haiipi kasi yoyote. Inachofanya ni kuandika na kuandika tena, na chembe za SSD zina idadi yenye kikomo ya kuandikwa. Unaipunguzia maisha bure.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `dfrgui`, kisha Entrée. Dirisha la kupanga diski litafunguka. Tazama safu ya « Type de média ». Ukiona SSD, ishia hapa kwa diski hiyo. Windows 8, 10 na 11 zinajua kuitunza kwa njia yake, zikiiambia ni nafasi zipi hazitumiki tena, kazi inayoitwa TRIM. Ukiona « disque dur », endelea.

Onyo: mashine za mitumba zinazopitia mpakani Kasumbalesa mara nyingine zina diski mbili, SSD ndogo yenye Windows na diski kubwa ya mafaili. Soma mstari wa kila herufi, usiangalie C peke yake. Na kle na kadi za kumbukumbu nazo usizipige defragi kamwe; ni za jamii moja na SSD.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kutaja bila kubahatisha: herufi gani ni diski inayozunguka.

## Hatua ya 2: Soma afya ya diski kabla ya kuigusa

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoua kazi za watu. Defragi inaifanya diski isome na kuandika mfululizo kwa saa nyingi. Diski yenye afya inavumilia. Diski inayokufa inaweza kufia hapo hapo.

Fungua CrystalDiskInfo. Rangi ya buluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Lakini usiishie kwenye rangi. Shuka kwenye orodha na utafute mistari mitatu kwa nambari zake za upande wa kushoto:

- 05: sekta (visehemu vidogo vya diski) zilizokwisha kufa na kuhamishwa.
- C5: sekta zinazosubiri uamuzi, yaani diski imeshindwa kuzisoma.
- C6: sekta zilizoshindikana kabisa.

Kwenye safu ya mwisho kulia, mistari yote mitatu inatakiwa iwe sufuri tupu. Mstari wa 05 ukiwa na thamani ndogo isiyobadilika kwa wiki kadhaa, diski bado inaweza kufanya kazi, ila usiiamini na kitu usichokuwa na nakala yake. C5 au C6 ikiwa na chochote zaidi ya sufuri, acha defragi. Nenda hatua ya 3, toa mafaili yako yote leo, kisha tafuta diski nyingine. Hiyo ni sababu mojawapo ya defragi kukaa asilimia 12 usiku kucha: diski inajaribu kusoma sehemu moja iliyooza, inashindwa, inajaribu tena.

Kuna mstari mwingine wa kutazama kwa sisi wa delestaji, yaani mgawo wa umeme: C0. Kwenye diski nyingi unahesabu mara ambazo kichwa kilirudishwa kwa dharura kwa sababu umeme ulikatika bila mashine kuzimwa. Nambari kubwa hapo haimaanishi diski imekufa, lakini inakueleza maisha iliyoishi. Nambari ikipanda kila wiki, onduleri itakusaidia kuliko programu yoyote.

Tazama pia joto. Chini ya nyuzi 45 ni vizuri. Ikivuka 50 mashine ikiwa haifanyi kazi nzito, safisha vumbi kwenye feni kwanza. Vumbi jekundu la kiangazi linajaza laptopu haraka.

Umefanikiwa ikiwa 05, C5 na C6 ni sufuri na joto liko chini.

## Hatua ya 3: Toa nakala

Watu wanaogopa kwamba umeme ukikatika wakati wa defragi, kila kitu kinapotea. Hofu hiyo imezidishwa. Programu zinazotumia njia rasmi ya Windows zinanakili kipande mahali papya kwanza, ndipo zinabadilisha ramani ya diski. Kwenye NTFS, mfumo unaotumiwa na Windows, ramani hiyo ina daftari lake la kurekebisha makosa, kwa hiyo faili linabaki ama mahali pa zamani ama pa mpya. Hatari ni kubwa zaidi kwenye diski za nje zenye FAT32, mfumo wa zamani ambao hauna daftari hilo.

Hata hivyo diski ni chuma, na chuma hufa bila kutoa taarifa. Nakili TFC, hesabu za duka, picha za familia na mafaili ya wateja kwenye diski ya nje. Kisha fungua mafaili machache moja kwa moja kutoka kwenye hiyo nakala, uone yanasomeka. Nakala ambayo hujaifungua bado hujui kama unayo.

Jambo moja zaidi: defragi ikihamisha mafaili mengi, Windows inaweza kufuta « points de restauration » za zamani, yaani hali za nyuma unazoweza kuirudishia mashine, ili kupata nafasi. Kama unazitegemea, jua hilo mapema.

## Hatua ya 4: Pata asilimia 15 ya nafasi tupu

Microsoft wenyewe wanasema defragi inahitaji angalau asilimia 15 ya diski iwe tupu ili ifanye kazi kamili. Sababu ni rahisi: ili kuunganisha faili la gigabaiti 4, programu inahitaji mahali pa kuliweka zima. Pasipokuwepo, inahamisha kipande hapa ili kupisha kipande kile, saa baada ya saa, na mwisho haipati kitu. Diski zilizojaa ndizo nyingi kati ya zile « zisizoisha ».

Kwa hesabu: diski ya GB 500 inaonekana kwenye Windows kama GB 465, kwa hiyo unahitaji karibu GB 70 tupu. Diski ya GB 320 inaonekana kama 298. Hapo unahitaji GB 45.

Anza na vitu vikubwa. Filamu, video za harusi na za kwaya, mafaili ya kusakinishia programu yaliyorundikana: vihamishie kwenye diski ya nje. Kisha bonyeza Windows na R, andika `cleanmgr`, chagua C, na ubonyeze « Nettoyer les fichiers système ». Kama kuna « Installations précédentes de Windows », hiyo peke yake inaweza kukurudishia gigabaiti nyingi.

Onyo: kwenye baadhi ya matoleo ya Windows 10, orodha hiyo ina kisanduku cha « Téléchargements ». Ukikitia alama, kila ulichowahi kushusha kinafutwa, pamoja na barua za wateja. Kiache wazi.

Utasoma mahali pengine kwamba uzime hali ya « veille prolongée » kwa amri ya `powercfg /h off` ili upate gigabaiti kadhaa. Kwa kompyuta ya mezani, sawa. Kwa laptopu ninashauri usiizime. Betri ikielekea kuisha wakati wa delestaji, hali hiyo ndiyo inayohifadhi kazi uliyokuwa unaandika, na gigabaiti chache hazilingani na kurasa kumi zilizopotea.

Baada ya kufuta, toa kila kitu kwenye « Corbeille ». Mafaili yaliyoko humo bado yanakalia diski.

## Hatua ya 5: Rekebisha makosa yaliyoachwa na umeme

Umeme ukikatika ghafla, Windows inaweza kuitia diski alama ya uchafu, maana yake kuna maandishi yaliyokatwa katikati. Defragi inakataa kugusa diski yenye alama hiyo, na ujumbe inaoutoa hauko wazi. Wengi hapo ndipo wanapokimbilia programu nyingine, ambayo nayo inagoma.

Tafuta « Invite de commandes », bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua « Exécuter en tant qu'administrateur ». Andika:

`fsutil dirty query C:`

Jibu litakwambia kama diski ina alama au haina. Kwenye kibodi ya AZERTY, alama ya mkwaju inayotumika kwenye amri zinazofuata ni Maj (Shift) pamoja na kitufe cha nukta mbili. Ukiweka mkwaju ulioinama upande mwingine, amri haitaeleweka.

Kisha:

`chkdsk C: /f`

Windows itasema diski inatumika na kuuliza kama ifanye kazi mashine ikiwaka upya. Kubali kwa O, kisha uwashe upya. Kazi hii inaweza kuchukua dakika chache au zaidi ya nusu saa. Usiizime kwa kitufe.

Kuna amri ya `/r` inayopekua kila sekta ya diski. Inachukua saa nyingi. Itumie tu ikiwa nakala zako ziko salama, na usiitumie kabisa kwenye diski ambayo hatua ya 2 ilikuonya.

Umefanikiwa ikiwa `fsutil` inasema hakuna alama.

## Hatua ya 6: Tuliza mashine

Defragi ya Windows ina adabu: inatanguliza programu nyingine na yenyewe inasubiri. Ukiacha kivinjari wazi, kinga ya virusi ikipekua, masasisho yakishuka na OneDrive ikisawazisha, itasubiri usiku mzima.

Funga kila kitu. Simamisha masasisho kwenye « Windows Update ». Kata intaneti, hii inanyamazisha mengi kwa mkupuo. Kwenye « Options d'alimentation » weka « Mettre en veille » iwe « Jamais » ukiwa kwenye umeme. Laptopu iache na kifuniko wazi, kwa sababu nyingi hulala kikifungwa.

Kisha pima. Kwenye lile dirisha la amri andika:

`defrag C: /A /V`

Hii haisogezi kitu, inatazama tu. Itakupa asilimia ya mgawanyiko, idadi ya vipande na nafasi tupu. Andika nambari hizo kwenye karatasi, maana ndizo utakazolinganisha nazo baadaye.

Chini ya asilimia 10, defragi haitakupa nafuu utakayoihisi. Shida yako iko kwingine. Bonyeza Ctrl, Maj na Échap kwa pamoja, ufungue kichupo cha « Performance ». Kama mashine ina RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 2 au 4 na imejaa muda wote, Windows inatumia diski kama RAM ya akiba, na diski inabaki asilimia 100 hata ukiipiga defragi kila siku. Dawa yake ni kuongeza RAM.

## Hatua ya 7: Chagua programu

Sasa unajua diski ni nzima, ina nafasi, haina makosa, na imegawanyika. Chagua kulingana na kazi iliyoko mbele yako.

Ile iliyomo ndani ya Windows. Kwa watu wengi hii inatosha, na ndiyo ninayoshauri uanze nayo. Haigharimu megabaiti, haina matangazo, na inalijua toleo la Windows ulilonalo. Udhaifu wake: vipande vilivyo vikubwa kuliko MB 64 inaviacha vilivyo, kwa sababu kuviunganisha kunaleta faida ndogo. Ndiyo maana programu nyingine ikipima diski hiyo hiyo inaweza kukutisha kwa asilimia kubwa zaidi. Zinahesabu tofauti tu.

Defraggler. Imetengenezwa na Piriform, waliotengeneza pia CCleaner. Ni ya bure. Uzuri wake ni kwamba inakuonyesha orodha ya mafaili yaliyogawanyika na kukuruhusu uchague moja, au folda moja, uiache sehemu iliyobaki ya diski. Kama una saa moja tu ya umeme, hii ni baraka: unachagua folda ya kazi zako, unaishughulikia, unazima. Toleo lake la mwisho ni la 2018, kwa hiyo usitarajie mambo mapya, lakini kwenye diski inayozunguka bado inafanya kazi yake. Wakati wa kuisakinisha soma kila ukurasa na uondoe alama kwenye programu za ziada wanazokupendekezea.

Contig. Programu ndogo sana ya Mark Russinovich, inayotolewa bure na Microsoft chini ya jina la Sysinternals. Haina dirisha, unaiandikia amri. Ni kwa faili moja kubwa: hifadhidata ya hesabu za duka, au video ndefu unayoihariri. `contig -a` na jina la faili inakuonyesha vipande vyake. Bila `-a` inaviunganisha. Kwa mwenye studio ya video, hii inaokoa muda kuliko kupanga diski nzima.

UltraDefrag toleo la 7. Matoleo hayo ni ya bure na wazi. Ya baadaye yanauzwa. Faida yake kubwa ni kwamba inaweza kufanya kazi kabla Windows haijawaka, na hivyo kugusa mafaili ambayo kwa kawaida yamefungwa, kama faili la RAM ya akiba. Ichague tu kama kipimo kinaonyesha mafaili hayo ndiyo yaliyogawanyika.

Za kulipia, kama O&O Defrag ya Berlin, zina ratiba nyingi na usimamizi wa mashine nyingi. Ofisi yenye mashine thelathini inaweza kuzifikiria. Mwenye mashine moja aweke fedha hizo kwa ajili ya SSD.

Kuna mbili za kukimbia. Ya kwanza ni programu zinazoahidi kufanya kila kitu: defragi, kusafisha, kuongeza kasi mara kumi, kinga ya virusi. Ya pili ni programu ya kulipia iliyovunjwa kinga, inayopita kwenye kle kutoka mkono hadi mkono. Defragi inapewa haki za msimamizi na ruhusa ya kugusa kila faili ulilonalo. Programu ya namna hiyo usiikabidhi kwa mtu usiyemjua.

Na usitumie mbili kwa zamu. Kila moja ina mpangilio wake wa wapi faili likae. Ya pili itaanza kuvunja kazi ya ya kwanza.

## Hatua ya 8: Piga defragi

Kwa programu ya Windows, kwenye dirisha la amri la msimamizi:

`defrag C: /U /V /H`

`/U` inakuonyesha maendeleo, `/V` inakupa maelezo kamili, na `/H` inaiondolea ule unyenyekevu wa kusubiri. Hii ya mwisho ndiyo inayofupisha muda kwa wengi. Mashine itakuwa nzito kutumia, na ndiyo maana tuliitenga siku.

Ukipenda vitufe badala ya amri, rudi `dfrgui`, chagua C, bonyeza « Optimiser ».

Utaona inahesabu kwa pasi: pasi ya kwanza inapanda hadi 100, kisha ya pili inaanza tena karibu na sufuri, kisha ya tatu. Wengi wakiona asilimia imerudi chini wanadhani imeanza upya, wanaikatiza, na kesho yake wanaanza tena. Haijaanza upya. Kila pasi ina kazi yake: kuunganisha vipande, kusogeza mafaili, kukusanya nafasi tupu. Iache.

Muda wake? Diski ya GB 500 ya mizunguko 5400, yenye nafasi nzuri, inaweza kuchukua saa moja hadi usiku mzima kulingana na mgawanyiko. Kuna diski ambazo zitazidi hapo hata zikiwa nzima: zile za SMR, ambazo njia za kuandikia zimepandiana kama vigae, na kubadilisha njia moja kunalazimisha kuandika upya za jirani. Diski nyingi ndogo za inchi 2.5 zenye TB 1 na zaidi ni za namna hii. Kwenye hizo usipange diski nzima. Tumia Defraggler kwa folda chache.

Ikiwa lazima usimamishe, tumia « Arrêter » au Ctrl na C. Hii ni salama. Kazi iliyokwisha kufanyika haipotei.

## Hatua ya 9: Ikionekana imekwama

Kabla ya kuizima, hakikisha kama kweli imekwama. Bonyeza Windows na R, andika `resmon`, fungua kichupo cha « Disque ».

Baiti za kusoma na kuandika zikiwa zinatembea, defragi inafanya kazi. Subiri.

Kama baiti ni chache sana lakini muda wa majibu ni maelfu ya milisekunde, diski inahangaika na sekta mbovu. Simamisha. Fungua `eventvwr.msc`, ingia « Journaux Windows », kisha « Système », utafute chanzo kinachoitwa disk. Tukio namba 7 ni sekta iliyooza; namba 153 ni diski iliyochelewa kujibu hadi Windows ikarudia ombi. Moja moja ya 153 si msiba. Zikirundikana, rudi hatua ya 2 na usome tena C5.

Sikiliza pia kwa sikio. Mlio wa « tak, tak, tak » unaojirudia kwa mapigo sawa ni kichwa kinachoshindwa kupata njia yake. Zima mashine saa hiyo hiyo.

Kama hakuna baiti zinazotembea na diski imetulia kabisa, huenda mashine imelala au programu imekufa. Washa upya, pitia hatua ya 5, kisha anza tena.

## Hatua ya 10: Pima tena

Andika tena `defrag C: /A /V` na ulinganishe na karatasi yako. Matokeo mazuri ni asilimia 0 hadi 3, na nafasi tupu iliyokusanyika kwenye vipande vikubwa vichache. Kama mafaili yameungana lakini nafasi tupu bado imetawanyika, andika `defrag C: /X`, ambayo kazi yake ni kuikusanya.

Washa mashine upya mara mbili kabla ya kuhukumu kasi. Nafuu utaiona zaidi kwenye kuwaka kwa Windows, kufungua mafaili makubwa na kunakili. Kuandika kwenye Word au kufungua kurasa za intaneti hakutabadilika sana.

## Hatua ya 11: Ratiba inayoendana na delestaji

Windows ina ratiba yake ya kupanga diski kila wiki. Kwa nini basi diski zetu zinagawanyika? Kwa sababu matengenezo yake ya kawaida yamewekwa saa nane usiku, na yanataka mashine iwe imewaka, haitumiki, na iko kwenye umeme. Saa nane usiku mashine ya sekretaria imezimwa tangu jioni. Miezi inapita bila kazi hiyo kufanyika hata mara moja.

Fungua « Panneau de configuration », kisha « Sécurité et maintenance », panua « Maintenance » na ubadilishe saa. Chagua muda ambao mtaa wenu kwa kawaida una umeme na wewe unapumzika, kama saa sita au saa saba mchana wakati wa chakula.

Kama umeme wa kwenu hauna saa inayotabirika, achana na ratiba. Pima kwa mkono mwanzoni mwa kila mwezi kwa `/A`, na upige defragi ikivuka asilimia 10. Kwa mashine ya sekretaria inayoandika na kufuta mafaili ya wateja kutwa, mara moja kwa mwezi inatosha. Kwa mashine ya nyumbani, miezi mitatu.

## Kama bado ni nzito

Diski ni nzima, ina nafasi, mgawanyiko ni sufuri, RAM inatosha, na bado mashine inasota. Basi umefika mwisho wa uwezo wa diski inayozunguka. Badilisha uweke SSD. Laptopu nyingi za zamani zenye diski ya inchi 2.5 zinapokea SSD ya SATA mahali pale pale, na fundi mzuri anaweza kuhamisha Windows yako yote bila kuisakinisha upya.

Ukiipata mashine kutoka kwa fundi, fungua `dfrgui` uone « Type de média » inasema SSD. Ikiwa bado inasema diski ngumu, mwambie fundi aendeshe `winsat formal` kwenye umeme. Windows itaitambua upya. Zile programu za defragi ulizosakinisha ziondoe, hasa zenye ratiba ya kujiwasha. Diski ya zamani, kama 05, C5 na C6 zake zilikuwa sufuri, itie kwenye kasha la USB uitumie kuwekea nakala.